Shule ya malori Fort Worth: lipia ubao wa breki, mengine vumilia

Kwa wote mnaonisimamisha baada ya ibada kuniuliza kama ile shule niliyosomea leseni ya malori hapa Fort Worth inafaa au ni ulaji tu: inafaa. Nililipa dola 4,200 za mfukoni mwangu, hakuna kampuni iliyonilipia ada, kwa hiyo sina wa kumpendelea. Jina la shule siliandiki hapa kwa sababu nina malalamiko pia, na mwenye shule ni mtu tunayesalimiana. Anayelitaka anajua pa kunipata.

Mimi nimekulia Makambako. Anayeijua Makambako anajua kwamba malori ya Tunduma na ya Songea yote yanapita pale, na mtoto hutofautisha mlio wa Scania na wa Fiat kabla hajajua kusoma. Baba alikuwa dereva wa masafa, kaka zangu wawili walianza kama utingo. Nilifika darasani Texas nikiwa na msamiati wote: hosi (kichwa cha lori kinachovuta), tela, mtungi wa upepo, slaki (mkono unaokaza breki). Wanaume wa darasani walishangaa mama mzima anatamka maneno hayo kama anataja sufuria zake. Ila kutaja ni jambo moja. Kujua upepo unatoka wapi, unapita wapi na unafanya nini ukifika, hilo hata baba hakuwahi kunieleza, na sidhani kama na yeye kuna aliyemweleza.

Ndiyo maana ninaisifu shule hii kwa kitu kimoja kuliko vyote. Nyuma ya darasa, chini ya paa la mabati, mwalimu wa breki amejenga mfumo mzima wa breki za upepo juu ya fremu ya chuma, ndio huo ubao wenyewe. Si picha, ni vyuma. Mitungi mitatu iliyong'olewa kwenye lori lililokufa, pedali, vitufe viwili vya dashibodi, geji, mipira ya rangi, chemba za breki, na mwisho wa ekseli wenye dramu (pipa la chuma linalozunguka na gurudumu) iliyotobolewa dirisha ili uone viatu vya breki vikitanuka ndani. Kompresa ni ya gereji, inapiga kelele mpaka mnaongea kwa ishara. Mwalimu mwenyewe ni Mkenya wa Eldoret, mtu wa makamo, maneno machache, kofia haivui hata kivulini. Wote tunamwita Mwalimu, pamoja na Wamarekani.

Somo lake halianzi na kitabu. Anakukabidhi pedali, anakuambia kanyaga, kisha anauliza, "Umesikia nini?" Unasema umesikia upepo. "Upepo umetoka wapi?" Hapo ndipo kazi inapoanza, maana hakuachi mpaka uufuate kwa kidole kutoka kwenye kompresa hadi kwenye kiatu cha breki.

Kwenye lori kompresa inazungushwa na injini. Inajaza mitungi, na kifaa kinachoitwa gavana ndicho kinachoiamuru: shinikizo likifika karibu psi 125 gavana inaizuia isiendelee kusukuma, likishuka kwenye 100 hivi inairuhusu ianze tena. (Geji za hapa zinasoma psi. Mliozoea bar za malori ya Ulaya, psi 100 ni karibu bar 7.) Ule mpumuo mkubwa mnaousikia lori likiwa limesimama tu, kama limekasirika, ni kikausha upepo kinatema maji na oili pale gavana inapokata. Upepo ukibanwa hutoa maji, na maji ndiyo adui. Mtungi wa kwanza kupokea upepo ndio unaokusanya maji mengi, na kama lori halina vali za kujimwaga zenyewe unatakiwa kuyamwaga kila mwisho wa siku. Makambako ni baridi, lakini si baridi ya kugandisha maji ndani ya bomba. Hapa barafu ikikaa kwenye vali, breki hazisikii amri yako. Baadhi ya malori yana kichupa cha kuingiza pombe kwenye mfumo ili maji yasigande. Darasani hapo ndipo waliposhtuka walokole.

Kutoka mtungi huo njia zinagawanyika. Mtungi mmoja unahudumia breki za nyuma za hosi, mwingine za mbele, kila mmoja na sindano yake kwenye geji. Bomba moja likipasuka, upande wa pili unabaki na nguvu ya kukusimamisha. Ukikanyaga pedali husukumi breki kwa mguu, unafungua vali tu. Upepo unakimbilia kwenye chemba, unasukuma mpira mpana uliomo ndani, mpira unasukuma fimbo, fimbo inazungusha mkono wa slaki, slaki inazungusha shafti yenye kichwa cha umbo la S, na kichwa hicho kinatanua viatu vibane dramu. Chemba ya kawaida ya hosi ina eneo la inchi za mraba 30. Kwa psi 100 hizo ni pauni 3,000 za nguvu, zaidi ya kilo 1,300, kwenye gurudumu moja, kwa kidole gumba cha mguu. Mwalimu alitutajia hesabu hiyo akatuacha tunyamaze nayo kidogo.

Halafu kuna kuchelewa. Breki za gari dogo ni za oili, unakanyaga zinashika papo hapo kwa kuwa oili haibaniki. Upepo unabanika, na lazima usafiri. Ni kama bomba la maji la mtaani: unafungua koki, linakohoa kwanza, ndipo maji yanakuja. Kitabu cha serikali kinasema kwa mwendo wa maili 55 kwa saa, kuchelewa huko peke yake kunakula futi 32 hivi za barabara, karibu mita 10, kabla breki hazijaanza kazi. Hapo hujahesabu muda wa jicho kuona wala mguu kutoka kwenye mafuta. Waliotoka kwenye Uber kuja kwenye malori hili ndilo huwasumbua zaidi, mguu wao bado unaishi kwenye Camry.

Lakini somo lililonifanya niandike haya yote ni la springi.

Mwalimu aliuliza darasa zima, "Upepo ukiisha wote, hii lori itasimama ama itakimbia?" Wazee wote waliokuwa wameendesha nyumbani, wa Goma, wa Bujumbura, wa Mombasa, walijibu kwa sauti moja: itakimbia. Si ndivyo tunavyosikia kila ajali ikitokea, upepo uliisha? Mwalimu akazima kompresa, akaanza kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia. Sindano zikashuka. Kabla hazijafika 55 king'ora kikalia na taa nyekundu ikawaka. Akaendelea bila kujali. Kwenye 40 na kitu, kitufe chekundu, cha kupeleka upepo kwenye tela, kikaruka nje chenyewe, cha njano kikafuata, na chemba za nyuma zikabana kwa kishindo kilichomfanya jirani yangu aseme "Yesu". Dramu ikashikwa, haigeuki hata mkiisukuma wawili.

Ndani ya chemba za nyuma kuna springi nzito ambayo muda wote inataka kubana breki. Upepo ndio unaoizuia. Ukiendesha, unaendesha kwa ruhusa ya upepo. Ukikosekana, springi inachukua gari. Hendibreki ya lori ndiyo hiyo hiyo: ukivuta kitufe cha njano hubani chochote, unamwaga upepo tu na springi inafanya kazi yake. Na hapo akatupa onyo ambalo ningependa mafundi wote wa barabara ya Tunduma walisikie. Chemba ya springi haifunguliwi kwa nyundo na spana. Springi ile ikitoka bila kufungwa kwanza kwa bolti yake maalumu, inaua.

Wazo la kwamba upepo ukitoroka breki zishike halikuanza na malori. George Westinghouse alipata hataza ya breki ya upepo ya treni mwaka 1869, lakini ile ya kwanza ilikuwa na udhaifu ule ule wazee wetu wanaoudhani: bomba likikatika, breki hakuna. Mwaka 1872 akaigeuza. Kila behewa likapewa mtungi wake, na shinikizo la bomba kuu likishuka, mtungi huo ndio unaobana. Treni haikuwa na springi, lakini akili ni ile ile.

Basi nikauliza lililokuwa linanikaa kooni: kama ni hivyo, malori yanayoshuka mlima Kitonga kule nyumbani yakaishia bondeni yanauawa na nini? Mwalimu hajawahi kufika Kitonga lakini anaijua milima ya kwao. Akasema, "Kwa kawaida upepo uko, dada. Breki ndiyo haiko." Dereva anashuka na gia kubwa, anaegemea pedali muda wote, dramu inapata moto, na chuma kikipata moto hutanuka. Dramu inatanuka ikijitenga na viatu. Fimbo ya chemba ina urefu wake wa kusafiri, hauongezeki. Kama slaki ilikuwa imelegea tangu asubuhi, fimbo inafika mwisho wa safari yake kabla viatu havijabana vya kutosha. Geji inasoma 110, mtungi umejaa, na gari linakimbia. Springi nayo inasukuma fimbo ile ile na viatu vile vile vilivyoungua, kwa hiyo haiwezi kukuokoa. Nilimkumbuka baba akiwaambia kaka zangu kwamba Kitonga haishukwi kwa breki, hushukwa kwa gia. Alikuwa sahihi, na sasa najua kwa nini.

Kwa somo hilo peke yake ningelipa nusu ya ada bila kunung'unika.

Sasa leseni, maana wengi mnauliza hilo kwanza. Leseni yako ya daraja E ya Tanzania haikusaidii hapa. Leseni za malori za nje ambazo Marekani inazitambua ni za Kanada na Meksiko tu. Sisi wengine, hata uwe umeshuka Kitonga miaka ishirini, unaanzia chini. Kwa Daraja A, yaani hosi na tela vyenye uzito wa jumla wa kuanzia pauni 26,001 na tela lenyewe likizidi pauni 10,000, unapimwa afya na daktari aliyesajiliwa, unafanya mitihani ya maandishi, unapata kibali cha mwanafunzi, unasoma, na huruhusiwi kufanya mtihani wa vitendo kabla kibali hakijafikisha siku 14. Tangu 7 Februari 2022 lazima shule yako iwe kwenye orodha ya FMCSA, mamlaka ya serikali kuu inayosimamia usafiri wa malori na mabasi. Orodha iko wazi mtandaoni. Itazame kabla hujatoa hata dola moja, kwa sababu cheti cha shule isiyo kwenye orodha ni karatasi tu.

Breki za upepo hazina leseni yake peke yake. Watu wanadhani ni muhuri wa kuongezewa. Ni kinyume, usipozipita unapunguziwa. Kuna karatasi ya maswali 25 ya breki za upepo, unatakiwa upate 20. Ukifeli karatasi hiyo, au ukifanya mtihani wa vitendo kwa gari lisilo na breki za upepo, leseni yako inagongwa herufi L, na malori karibu yote ya maana yanakuwa haramu kwako. Kuna na Z, ya wale waliofanyia mtihani kwenye gari ambalo upepo unasukuma oili na oili ndiyo inabana. Mzee mmoja wa Goma, tuliyekaa naye dawati moja, alipoelezwa hilo aligonga meza: Fuso aliyoendesha kule miaka yote ilikuwa hivyo hivyo. "Mama, hii yote sikuijuaka," aliniambia, na tangu siku hiyo akawa wa kwanza kufika kwenye ubao.

Kwenye mtihani wa vitendo, ukaguzi wa breki ndio unaowatoa watu. Ukikosea kuegesha au kuzungusha usukani wanakukata pointi. Ukikosea ukaguzi wa breki za upepo umefeli siku hiyo, nenda nyumbani. Mpangilio wenyewe si mrefu. Unaweka vigingi kwenye magurudumu, unajaza upepo mpaka gavana ikate. Unazima injini, unarudisha swichi bila kuwasha, unasukuma vitufe vyote viwili kuachia breki za kuegesha, halafu unakanyaga pedali kwa nguvu na kuishikilia dakika nzima. Kwa hosi na tela, sindano isishuke zaidi ya psi 4. Kwa lori lisilo na tela ni 3. Kisha unapampu: king'ora na taa lazima vije kabla hujashuka chini ya 55. Unaendelea kupampu: vitufe viruke nje kati ya 45 na 20. Baada ya hapo unawasha tena, unajaribu breki za kuegesha kwa kulivuta gari taratibu, na mwisho unatembea kwa maili 5 kwa saa na kukanyaga uone kama linavuta upande mmoja.

Shule inakupa karatasi yenye maneno yote hayo kwa Kiingereza, ya kukariri. Hapo ndipo shule na Mwalimu wanapopishana, na mimi niko upande wa Mwalimu. Ofisini wanataka ukariri kwa kuwa ndiyo njia ya haraka. Mwalimu akikusikia unakariri anakukatiza. Nilikuwa natiririka vizuri kabisa, naona raha, akaniambia, "Madam, usiniimbie. Hiyo injini sasa inanguruma ama imezimwa?" Ilikuwa imezimwa, na nilimjibu hivyo. "Mbona imezimwa?" Kwa sababu ikiwa inanguruma kompresa itajaza kinachovuja na hutaona uvujaji. "Basi endelea." Kila namba anaitafutia sababu yake. Dakika moja ya kushikilia pedali ukijua unatafuta tundu haichoshi kama dakika ya kuhesabu sitini.

Kiingereza lakini ni lazima, nisiwadanganye. Mtihani wa vitendo unafanywa kwa Kiingereza na hakuna mkalimani. Na barabarani, tangu 25 Juni 2025, dereva anayesimamishwa akashindwa kuongea na askari au kusoma alama anaondolewa barabarani hapo hapo. Mwalimu anaeleza kwa Kiswahili kwanza, kisha anakulazimisha uyarudie yote kwa Kiingereza chako mwenyewe, kibovu lakini chako. Mzee wa Goma alitoka na Kiingereza cha breki kilichonyooka kuliko Kiingereza chake cha dukani. Jambo lingine: kama huna uraia wala ukaazi wa kudumu, masharti ya nani anaruhusiwa kupewa leseni hizi yamekuwa yakivutana tangu Septemba 2025. Uliza ofisi ya leseni kabla ya kulipa ada, usiiulize shule. Shule itakuambia lipa.

Malalamiko yangu sasa.

La kwanza ni malori. Yapo machache kuliko wanafunzi, na yadi ina mashimo kama barabara ya kijijini baada ya masika. Kuna asubuhi unasimama juani ukiangalia wenzako wakirudi nyuma na tela, zamu yako inafika kivuli kimeshahama. Sheria ya mafunzo haijaweka idadi ya chini ya saa za kuwa nyuma ya usukani. Inataka mwalimu athibitishe kwamba umeweza. Kwa mwalimu mwaminifu huo ni utaratibu mzuri, kwa mwenye haraka ya ada ya mwanafunzi mwingine ni mlango ulioachwa wazi. Mwalimu wetu hasaini mpaka aridhike. Wa zamu ya jioni, nimesikia wanafunzi wake wakijisifu jinsi walivyomaliza upesi. Mimi nisingejisifu.

La pili ni gia. Malori ya mtihani ni ya otomatiki, na ukifanyia mtihani kwenye otomatiki unagongwa herufi E, huruhusiwi lori la gia za mkono. Wanayo lori moja la gia lakini halitajwi mpaka uulize, na ukiulizia unaambiwa kuna ada ya ziada. Ni kweli kampuni nyingi siku hizi zina otomatiki tupu. Ila mtu anayetaka kununua lori lake la mtumba alitakiwa kuambiwa siku ya kujiandikisha, si wiki ya mtihani.

La tatu ni masomo ya nadharia ya mtandaoni, ambayo ni sauti ya roboti ikisoma kitabu. Sehemu ya breki inaonyesha mchoro wa mshale wa bluu ukizunguka. Kama usingekuwa ubao wa Mwalimu, ningetoka pale nikijua mshale wa bluu.

Choo sitakizungumzia.

Kazini sasa, mambo ya ubao yananirudia karibu kila siku. Kuunganisha tela, kwa mfano. Nyumbani kwenye malori ya Ulaya mpira wa kuamuru breki za tela ni wa njano, hapa ni wa bluu, mwekundu ni ule ule wa kupeleka upepo wa kujaza. Ukizipishanisha, upepo hauendi kujaza mitungi ya tela na springi zake hazifunguki, unabaki unavuta tela lililogoma. Hilo ni afadhali. Kuna matela ya zamani yasiyo na springi. Hayo yanakubali kuondoka nawe, na breki hayana. Ndiyo maana kabla ya kuondoka ninashuka na kuangalia rangi kwa macho yangu hata kama aliyeunganisha ni mtu ninayemwamini.

Au mteremko wa Monteagle, Tennessee, kwenye barabara ya I-24. Njia ya kushuka tuliyofundishwa ni kuchagua gia kabla ya kilele na kuchagua mwendo usiouvuka. Tuseme maili 40 kwa saa. Ukifika 40 unakanyaga kwa uthabiti mpaka 35, unaachia kabisa, unaacha injini ishikilie, ukirudi 40 unakanyaga tena. Huegemei pedali na hupampu hovyo, kwa sababu kuegemea kunachoma dramu na kupampu kunamaliza upepo haraka kuliko kompresa inavyojaza. Nilishuka nikiwa na tani za maji ya chupa nyuma yangu, geji ya upepo haikunipa wasiwasi hata mara moja, na harufu ya breki niliyoisikia ilikuwa ya mtu mwingine.

Na slaki. Malori ya upepo yaliyotengenezwa tangu 1994 yana slaki zinazojikaza zenyewe. Nyumbani nilizoea kuona utingo akiingia chini na spana kukaza breki, akitoka huko anasema tayari. Hapa tulifundishwa kwamba slaki ya kujikaza ikilegea usiikaze kwa mkono ukaondoka, maana kuna kitu kimeharibika nyuma yake na wewe unakifunika tu. Unaivuta kwa mkono, breki zikiwa zimeachiwa na magurudumu yana vigingi. Ikisogea zaidi ya inchi moja hivi pale fimbo inaposhikana nayo, ni ya fundi. Nimeshamwita fundi kwa ajili hiyo, na msimamizi wa safari hakufurahi, mzigo ulikuwa na saa yake. Alinuna, fundi akaja.

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano wataipata wakiweka kokoto kwenye yadi na kuandika suala la otomatiki kwenye fomu ya kujiandikisha.

Ukiamua kwenda, omba zamu ya asubuhi au Jumamosi, ndiyo ya Mwalimu. Vaa viatu vigumu vyenye soli, si raba za kutembelea, na beba maji yako. Mwambie kwamba umewahi kuendesha nyumbani kama ni kweli, hatakudharau, ila atakuuliza maswali magumu zaidi. Na ukipangiwa ile Freightliner ya bluu siku ya mtihani, kitufe chake chekundu ni kigumu kuingia. Kisukume kwa kiganja, usikisukume kwa kidole, ukishikilie kidogo mpaka tela lijae, la sivyo kitakurudia nje mbele ya mtahini.